Kabla ya Kununua Boila Mpya, Panda Darini

Mtanzania au Mkenya akishakabidhiwa funguo za nyumba yake ya kwanza Uingereza, iwe Leicester, Reading au Birmingham, mara nyingi huanza kuulizia boila mpya au paneli za sola. Mimi humwomba aviweke kando vyote viwili, achukue tochi na rula, apande darini.

Nyumba ambayo haijawekewa tabaka la kuzuia joto hupoteza takriban robo ya joto lake kupitia paa. Pamba ya nyuzi za kioo inayotandazwa juu ya dari inapaswa kufikia unene wa milimita 270, lakini si ajabu ukakuta 100 tu, iliyolala na kusinyaa kwa miaka mingi. Tabaka la pili hulazwa kukatiza boriti, na pembeni, paa linapokutana na ukuta, huachwa nafasi ya upepo kupita ili mbao zisioze. Darini pakishazibwa huwa pa baridi zaidi kuliko zamani, kwa hiyo mabomba na tangi la maji vilivyoko huko navyo vifungwe pamba, na kifuniko cha kupandia kizibwe kingo zake. Fundi akileta vifaa na kuvifunga mwenyewe, hutozwi kodi ya ongezeko la thamani hadi Machi 2027. Ukinunua pamba dukani ukaifunga kwa mikono yako, kodi utailipa.

Kuta ndizo zenye mengi. Hati ya nishati unayopewa wakati wa kununua, ile ya herufi A hadi G, isikutoshe. Hudumu miaka 10, na mkaguzi asipoweza kuona ndani ya ukuta hukisia kwa kuangalia umri wa nyumba. Toka nje uyatazame matofali. Yakiwa yote yamelala kwa urefu, yaelekea kuna kuta mbili zenye uwazi katikati, ujenzi ulioenea kuanzia miaka ya 1920. Ukiona vichwa vifupi vya matofali vimechanganyika na marefu, huo kwa kawaida ni ukuta mmoja mzima wa kama sentimita 23.

Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu anajua raha ya ukuta mnene, unavyozuia jua la mchana lisiingie chumbani. Ila huko mchana hufuatwa na usiku, na ukuta hupata muda wa kupoa. Hapa baridi hukaa nje wiki nzima bila kuondoka, ndani unachoma gesi, na tofali nene linapitisha joto mchana na usiku. Jambo moja hata hivyo ni lile lile kote kuwili, nalo ni chokaa. Nyumba nyingi za zamani za Uingereza zilijengwa kwa chokaa, ukuta ukinywa mvua na kuitoa tena hewani. Ukiupaka saruji au rangi ya plastiki unaufungia maji ndani, na ndivyo kuta za mawe ya matumbawe zinavyoharibiwa kwetu pia. Ukiamua kuuongezea ukuta wa namna hii tabaka la kuzuia joto, tafuta fundi anayezijua mbao za nyuzi za miti na plasta ya chokaa.

Wala usiipapie kazi hii kwa sababu tu serikali inakufanyia bure. Mwaka 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilieleza kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizofungwa tabaka la nje ya ukuta chini ya mipango ya serikali, zaidi ya nyumba 22,000, zilikuwa na kasoro kubwa za kurekebishwa. Ukuta wenye uwazi ni nafuu kuujaza, lakini kwanza hakikisha viungo vya matofali ni vizima, hasa upande unaopigwa na mvua ya upepo.

Linalonisumbua zaidi ni unyevu. Watu watano wakilala, wakioga, wakichemsha maharage na kuanika nguo juu ya redieta, mvuke wote huo hutafuta mahali pa baridi pa kutua: pembe ya chumba, nyuma ya kabati la nguo, kando ya dirisha. Hapo ndipo kuvu huota. Mwaka 2020 mtoto wa miaka miwili alifariki Rochdale, na uchunguzi ukathibitisha kuwa chanzo ni kuvu ya nyumba aliyopanga mzazi wake. Hivyo kila unapoziba mahali, ujue mvuke utatokea wapi. Feni za jikoni na bafuni zifanye kazi na zitoe hewa nje kabisa, sufuria ifunikwe, nguo zikianikwa ndani iwe chumba kimoja, mlango umefungwa na dirisha limeachwa wazi kidogo.

Yako matofali yenye matundu chini ya ukuta wa nje, karibu na ardhi. Mgeni huhisi baridi miguuni, akayaziba kwa gazeti au sementi. Tafadhali usiyaguse. Ndiyo yanayopeleka upepo chini ya sakafu ya mbao, na yakizibwa boriti huanza kuoza pasipo mtu kuona. Baridi ya miguuni iondoe kwa kuziba nyufa kati ya mbao zenyewe, tundu la barua mlangoni na dohani isiyotumika.

Boila uliyoikuta huenda inahitaji kurekebishwa tu. Boila za kisasa hupata faida ya ziada pale mvuke wa moshi wake unapogeuka maji, na hilo hutokea vizuri maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yakiwa chini ya nyuzi 55. Nyingi huachwa zikipeleka maji ya nyuzi 70 au zaidi. Kama yako haina tangi la maji ya moto, shusha joto la maji ya redieta hadi 60 au chini kidogo, uone kama vyumba bado vinapata joto. Penye tangi, maji yake yabaki 60 kwa ajili ya usalama wa afya.

Pampu ya joto, inayowekwa badala ya boila, ni kifaa kizuri, na England na Wales serikali huchangia pauni 7,500. Hutoa kama uniti tatu za joto kwa kila uniti ya umeme. Lakini umeme hapa huuzwa takriban mara nne ya bei ya gesi, kwa hiyo katika nyumba inayovuja joto bili inaweza kupanda. Mtaka kukuuzia akupe kwanza hesabu ya joto linalopotea chumba kwa chumba, kwa maandishi. Na anayebisha hodi akitaka kupulizia povu chini ya paa lako, mkatalie: baadhi ya benki hukataa kutoa mkopo kwa nyumba yenye povu hilo, na siku ukitaka kuuza utalipa tena kulibandua.