Nyama Tunaila, Malisho Je?

Baridi ya Julai inapoingia, wakazi wengi wa Nairobi hushika barabara ya Namanga mwishoni mwa juma, kufuata nyama choma Kitengela na Kajiado. Si vibaya; mwili na akili huhitaji mapumziko. Hata hivyo, kwa Wamaasai kula nyama si shibe tu. Olng'esherr, sherehe ya nyama inayowavusha morani hadi daraja la wazee, iliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wakati huo huo, nyanda za Kitengela zinakatwa viwanja na kuzungushiwa nyua. Mwalimu na mwanafunzi wanaostarehe huko hawana budi kujiuliza: malisho yakiisha, Olng'esherr itasalia wapi ila kamusini?