Mboga Mbichi na Afya (Sehemu ya 3): Sosi ya Saladi, Faida na Mzigo Wake

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumzia mboga zenyewe. Leo tuangalie kile kinachomwagiwa juu yake. Wapo wanaoamini kwamba anayejali afya hana budi kula saladi kavu, bila hata tone la mafuta. Wapo pia wanaozamisha kabichi na karoti ndani ya mayonezi hadi mboga haionekani. Wa kwanza anapoteza vitamini alizozifuata, na wa pili anajibebesha kalori asizozijua. Njia iliyo salama ipo katikati, na inapimika kwa kijiko.

Kwa nini saladi inahitaji mafuta

Karotini iliyomo kwenye karoti, likopini inayoipa nyanya wekundu wake, pamoja na vitamini E na K za majani mabichi, haziyeyuki ndani ya maji. Zinayeyuka ndani ya mafuta. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, mwili humwaga nyongo, na nyongo huyavunja kuwa matone madogo mno. Karotini husafiri ndani ya matone hayo hadi kwenye kuta za utumbo, na huko ndiko hufyonzwa. Mafuta yasipokuwepo, sehemu kubwa ya karotini hupita tu na kutoka na choo.

Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la jambo hili. Watu walewale walikula saladi ya spinachi, letusi, karoti na nyanya kwa nyakati tofauti: mara na sosi isiyo na mafuta kabisa, mara na yenye gramu 6 za mafuta, mara na yenye gramu 28. Kisha damu yao ikapimwa. Walipokula sosi isiyo na mafuta, karotini iliyoingia mwilini ilikuwa karibu na sifuri. Mafuta yalipoongezwa, nayo ikaongezeka.

Je, ina maana tumwage mafuta bila kipimo? La. Mwaka 2012 wenzao wa Chuo Kikuu cha Purdue, pia Marekani, walilinganisha aina za mafuta kwa kiasi cha gramu 3, 8 na 20. Mafuta ya kanola, ambayo yanafanana na ya zeituni kwa wingi wa asidi ya oleiki, yalifanya kazi kwa gramu 3 sawa na kwa gramu 20. Siagi ilihitaji kiasi kikubwa zaidi. Gramu 3 hazijazi hata kijiko kimoja cha chai.

Aina kuu za sosi

Ya kwanza ni ya mafuta na siki, inayojulikana kama vinegreti. Kipimo cha kale cha Wafaransa ni sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya siki. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote yale, ya zeituni, alizeti au nazi, kina kalori zipatazo 120, kwa sababu kila gramu ya mafuta hutoa kalori 9. Hivyo kijiko cha vinegreti kina kalori kama 90. Ubora wake unategemea mafuta yaliyotumika. Ya alizeti yana vitamini E kwa wingi. Ya nazi sehemu yake kubwa ni mafuta yanayoganda, ambayo wenye lehemu nyingi kwenye damu hushauriwa kuyapunguza.

Ya pili ni mayonezi. Mafuta na siki havichanganyiki vyenyewe. Kwenye kiini cha yai kuna lesithini, na hiyo ndiyo mshenga: upande mmoja inashika maji, upande wa pili inashika mafuta, na mchanganyiko unatulia kuwa uji mzito. Kwa sheria za Marekani, bidhaa haiitwi mayonezi kama mafuta yake hayafiki asilimia 65 ya uzito. Pima mwenyewe: bakuli lenye gramu 200 za tango, nyanya na letusi lina kalori zipatazo 35 tu, ilhali vijiko viwili vikubwa vya mayonezi vina karibu 190. Anayeitengeneza nyumbani kwa mayai mabichi akumbuke bakteria wa salmonela: isikae nje ya friji, na wajawazito na watoto wadogo wasipewe.

Kutokana na mayonezi zimezaliwa nyingine nyingi. Thousand Island huongezewa tomato sosi na achari iliyokatwakatwa. Ranch, iliyobuniwa na Steve Henson na kupata umaarufu katika shamba lake huko California miaka ya 1950, huchanganywa na maziwa ya mgando, vitunguu na majani ya viungo. Sosi ya Caesar ina historia yake: saladi yake inahusishwa na Caesar Cardini, Mwitaliano aliyekuwa na mgahawa mjini Tijuana, Mexico, mwaka 1924.

Ya tatu ni zile zinazouzwa kwa jina la "mafuta kidogo" au "bila mafuta". Hapa mnunuzi awe macho. Mafuta yakiondolewa, ladha na uzito hupotea, na mara nyingi viwanda huziba pengo hilo kwa sukari, wanga na chumvi.

Soma lebo

Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikitajwa miongoni mwa vitatu vya mwanzo, hata kwa majina ya glukosi, fruktosi au sharubati ya mahindi, mwenye kisukari airudishe chupa. Angalia pia chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Vijiko viwili vikubwa vya sosi ya chupa vinaweza kuchukua sehemu ya nane ya kiasi hicho au zaidi.

Na kachumbari yetu?

Kachumbari ya nyanya, vitunguu, pilipili na ndimu haina mafuta, lakini haina kosa. Ikiliwa na pilau au nyama choma, mafuta ya sahani hiyo yanatosha kubeba karotini na likopini. Ndimu nayo huleta vitamini C, inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Siki haina faida hiyo. Kachumbari inahitaji msaada pale inapoliwa kwa chakula kikavu, kama ugali mtupu au viazi vya kuchemsha. Hapo katia vipande vya parachichi, au nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti.

Anayetaka sosi ya kutumia nyumbani afanye hivi. Ponda punje moja ya kitunguu saumu pamoja na chumvi kidogo hadi ilainike. Itie kwenye chupa yenye kifuniko, kamulia ndimu mbili, ongeza nusu kijiko cha chai cha haradali na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta. Tikisa kwa nguvu hadi yapoteze ung'avu na kuwa mazito kidogo. Haradali nayo husaidia kuyashikanisha. Kijiko kimoja kikubwa kinamtosha mlaji mmoja. Mwagia wakati wa kula tu, maana chumvi hufyonza maji ya mboga na kuzinyausha.

Sosi nzuri haitaokoa mboga chafu. Wiki ijayo tutaeleza namna ya kuosha mboga zinazoliwa mbichi, hasa zile zinazomwagiliwa kwa maji ya mito ya mijini.