Mwarobaini Si Dawa Tu

Mtu akitajiwa mwarobaini hufikiri dawa chungu, wala hafikiri mbao. Hata shoka likiinuliwa juu yake, mara nyingi ni kwa ajili ya kuni. Jambo hili ni la kusikitisha, maana mti huo, ambao wengine pwani huuita mkilifi, ni wa jamaa moja na mkangazi, na ubao wake wafanana nao.

Haja ya kuujua yatokana na biashara ya vinyago. Wakamba walianza kuchonga vinyago vya kuuza baada ya vita vya 1914–1918. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge alijifunza kazi hiyo kwa Wazaramo wa Tanganyika. Miti iliyopendwa ilikuwa mpingo, ulio mzito hata huzama majini, na muhugu wa Arabuko-Sokoke na wa misitu ya kando ya Nairobi. Muhugu ni mgumu, una mafuta yenye harufu nzuri, na mchwa hawauwezi; kwa hiyo ulikatwa pia kwa nguzo za ua na vibao vya sakafu. Lakini hukua polepole mno. Huweza kupita miaka 100 kabla haujanenepa vya kutosha, na mara nyingi mnene huwa na uvungu ndani. Aukataye leo, mjukuu wake hatakuta mwingine wa kiasi hicho mahali pale.

Mwarobaini, ulioletwa kutoka Bara Hindi, hukua upesi, tena shambani, hata penye ukavu. Ukipasuliwa, kiini chake huwa chekundu, kisha hugeuka hudhurungi. Wadudu hawaupendi. Kasoro yake ni kwamba nyuzi zake hupishana, basi randa butu huuparua, wala haung'ai sana. Kubwa zaidi, ukikaushwa upesi juani hupasuka. Na kinyago kilichochongwa kwa mti mbichi huweza kupasukia nyumbani kwa mnunuzi, naye hanunui tena. Magogo yapangwe kivulini, yameinuliwa juu ya ardhi ili upepo upite, na ncha zake zipakwe nta au rangi, unyevu usitoke kwa haraka.

Mwembe uliokoma kuzaa na jakaranda pia huchongwa, ingawa ni laini zaidi na hubunguliwa upesi. Wauzaji wengine hupaka miti ya namna hii rangi nyeusi ya viatu ili ionekane kuwa mpingo. Hila hiyo haifai, tena haina haja: mwarobaini uliokauka vema wastahili kuuzwa kwa jina lake. Mwenye mti mnene shambani na aulize bei kwa wachongaji wa Malindi au Mombasa kabla ya kuwaita wachoma makaa.