Desemba ya Kilimanjaro: nauli ya mtoto mchanga ni deni la ukoo

Desemba ikishakolea, Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hujaa watu wanaokwenda Rombo, Marangu, Kibosho, Uru na Machame. Wachaga kurudi nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya ni jambo linalojulikana nchi nzima, na utani wake hauishi. Ndani ya umati huo yumo abiria asiyekatiwa tiketi, na ndiye anayesubiriwa kuliko wote kule mlimani: mtoto aliyezaliwa mwaka huu. Babu anataka kumwona mwenye jina lake, kwa kuwa kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na binti wa kwanza la bibi mzaa baba. Mashangazi wamepiga simu tangu Oktoba kuuliza mnapanda lini. Ni haki yao kuuliza. Mtoto wa Kichaga ni wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, na wa watu wote wa kihamba hicho, na siku ya kwanza anapowekwa mikononi mwa wazee wake si siku ndogo. Ninachodai ni hiki: kama ukoo ndio unaomwita mtoto, basi ukoo ndio ubebe gharama na taabu ya safari yake. Kwa sasa mzigo huo umeachiwa mama, na pale nguvu zake zinapoishia ndipo mtoto anapoanza kuumia.

Tuanze na barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni takriban kilomita 550: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, kisha tambarare za Same na Mwanga ambako jua la Desemba halina huruma. Mtoto wa kupakatwa kwa kawaida halipiwi kiti, na familia nyingi huona hapo zimeokoa fedha. Zimeokoa kwa hesabu mbaya. Mtoto wa kilo 7 akiwa mapajani, gari lililokuwa likienda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya moja ya kumi ya sekunde, mama anatakiwa amzuie kwa nguvu sawa na ya kushika mzigo wa karibu kilo 100. Hakuna mikono ya kufanya hivyo, hata ya mama anayempenda mwanawe kuliko nafsi yake, tena baada ya saa nane za kukaa, huku usingizi ukimnyemelea. Na mabasi yetu yanaruhusiwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba viti maalumu vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa asilimia 71. Kwenye gari la familia kiti hicho hufungwa siti ya nyuma, mtoto akitazama nyuma ya gari. Kwenye basi kinahitaji nafasi yake na mkanda wake, maana yake tiketi ya pili. Nani akate tiketi hiyo? Mama ambaye pengine hajapokea mshahara kamili tangu ajifungue, au watu thelathini wanaomsubiri mtoto huyo kwa vigelegele?

Mila yenyewe ina jibu. Kwa Wachaga, mzazi, yaani mama aliyejifungua, alikaa ndani kwa miezi mitatu. Hakulima, hakuteka maji, hakukata majani ya ng'ombe. Aliletewa mtori, nyama, damu na maziwa. Mama mkwe alimhudumia na majirani walikuja na vyao mkononi. Miezi hiyo ikishatimia ndipo alipotoka na mtoto wake, amepambwa, akaenda sokoni na kupokewa kwa nyimbo. Ukiitazama desturi hiyo kwa makini utaona nani alitembea na nani alitulia: watu walimfuata mtoto, mama alikaa. Desemba ya leo imeupindua mpango huo. Mzazi ndiye anayefunga mabegi, anayesimama foleni na kichanga kifuani, na akifika kihambani anakuta majiko yanamsubiri kwa sababu yeye ni mke wa nyumba hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, nazo zinakaribiana na ile miezi mitatu ya wazee. Baba anapewa siku 3. Mama aliyejifungua katikati ya Septemba, basi, likizo yake inakwisha mapema Desemba, na mapumziko ya Krismasi ambayo angeyatumia kulala kidogo anayatumia barabarani. Tumeibakiza haki ya ukoo ya kumwona mtoto tukauacha wajibu ulioandamana nayo, kisha tunaiita mila.

Kufika nako kuna mambo yake. Mtoto anapokezwa mikono kwa mikono. Huyu ana mafua, yule katoka kuchoma ndafu, mwingine anambusu usoni. Jioni baridi ya mlimani inapoanza kushuka watu wanahamia jikoni, kwenye moto wa kuni, na mtoto anahamia nao. Moshi wa kuni huongeza hatari ya nimonia, na nimonia bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua zaidi watoto wadogo. Halafu kuna vidole vinavyotaka kumwonjesha. Mtoto chini ya miezi 6 anatakiwa anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, lakini mkwe mgeni nyumbani hana sauti ya kumkataza mama mkwe aliyeshika kijiko cha mtori. Sauti hiyo inapaswa kuwa ya baba wa mtoto, na mapema, kabla ya safari. Hali kadhalika kadi ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinamkinga mtoto na kifaduro, dondakoo, pepopunda na vichomi vya aina fulani. Surua na rubela husubiri miezi 9. Aliyezaliwa Septemba anaweza kuwa anadaiwa dozi katikati ya Desemba, na aliyezaliwa Machi anafikisha miezi 9 wakati uleule. Kupanda mlimani kabla ya kuchanja, kisha kukaa wiki mbili katikati ya watoto wa mikoa yote, ni kumpeleka kwenye mkusanyiko akiwa hana kinga aliyostahili kuwa nayo.

Najua litakalosemwa. Watoto wa Kiafrika wamebebwa migongoni tangu dunia iwe dunia, nasi tulipandishwa kwenye mabasi mabovu kuliko haya na tumekua. Waliokua ndio wanaosema. Waliokufa hawana nafasi kwenye mazungumzo hayo. Mwaka 1999 takwimu za kitaifa zilionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 hawakufikisha miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 43. Pengo hilo limezibwa na chanjo, vyandarua, kliniki na akina mama waliokubali kufanya mambo tofauti na walivyofanyiwa wao. Na mgongo wa bibi ulimbeba mtoto kwa miguu, kutoka kihamba hiki hadi kile. Haukwenda kilomita 80 kwa saa.

Hoja nzito zaidi ni ya umri. Babu ana miaka themanini na kitu. Krismasi ijayo si ya kuahidiwa, na ukisema tusubiri mtoto akue unaweza kuwa umeamua wasionane kamwe. Hoja hii siipuuzi, na ndiyo maana sisemi mtoto abaki Dar es Salaam. Kumfungia mama mjini peke yake sikukuu nzima, wakati jamaa wote wako juu, ni ukatili mwingine. Uzito wa kukutana kwao ndio unaodai kwamba safari ifanywe vizuri, na ukoo unao uwezo huo. Watu walewale wanachangishana kwa harusi na misiba, wana kundi la simu lenye mweka hazina, na bei ya mbuzi mmoja wa Krismasi inazidi nauli ya kiti kimoja cha basi. Wakitaka, kiti cha gari cha mtoto kinaweza kununuliwa mara moja kikazunguka kwa wajukuu miaka kadhaa, mradi hakijawahi kupata ajali na muda wake haujapita.

Kuna kaya ambazo hata hilo litazilemea, na zipo nyingi. Kwao msaada wa kwanza ni tarehe. Siku mbili tatu kabla ya Krismasi ndipo tiketi zinapoadimika na magari ya vibali vya muda, yasiyozoea njia ndefu, yanapoingizwa barabarani. Mzazi akiruhusiwa kupanda mapema Desemba au kungoja Januari, ukoo haujatoa shilingi na tayari umempunguzia hatari. Ubatizo nao unaweza kuhamia Pasaka. Na mtoto akiwa na wiki chache tu, na bibi bado ana nguvu, bibi ndiye akatiwe tiketi ya kushuka Dar es Salaam Novemba, akae na mzazi, amwogeshe mtoto na kumpikia mama mtori, kisha apande nao au bila wao. Kikao cha familia cha Oktoba, kile kinachopanga nani analeta mbuzi na nani ananunua ndizi za mbege, kina nafasi ya kutosha ya kuliamua hilo, na mama wa mtoto awepo kwenye kikao hicho kama mwamuzi, simu yake ikiwa imewekwa spika watu wote wamsikie.