Raha ya vumbi, na kinachoendelea chini ya tairi

Mvua zikishakatika mkoani Lindi, kuanzia Mei hivi, njia za Mnero, mkoani humo, hufunguka. Tope lililokuwa likinasa magari linakauka, magunia ya ufuta yanaanza kupanda malori, na kufika Agosti miyombo inapukutisha majani hadi pori linakuwa jeupe. Dereva aliyebanwa na matope miezi kadhaa hujikuta mguu umekuwa mzito kwenye mafuta. Namwelewa. Lami haiwezi kukupa ile hali ya mkia wa gari kuteleza kidogo kwenye kona ya kichanga, ukaurudisha kwa usukani, ukatabasamu peke yako.

Ila kinachosisimua pale ni tairi kupoteza mshiko. Na mahali mshiko unapopotea zaidi bila mtu kushtuka ni kwenye vile vijituta vilivyopangana kama bati la nyumba.

Wengi huvilaumu kwa malori mazito au kwa greda. Si kweli. Mwaka 1963 Keith Mather, mtafiti wa Australia, alieleza alivyozungusha gurudumu dogo kwenye duara la mchanga na vijituta vikajitokeza vyenyewe. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine wakaonyesha kwamba hata springi hazihitajiki. Gurudumu likikuta kijiinuko hurushwa. Likitua huchimba na kusukuma mchanga mbele, na hapo kijiinuko kingine kimezaliwa. Ipo kasi ambayo chini yake njia hubaki tambarare, lakini ni ndogo mno, hakuna dereva wa lori la korosho angeivumilia. Ndiyo maana greda likipita leo, baada ya muda si mrefu bati limerudi.

Tupige hesabu. Tuseme kati ya kituta na kituta kuna sentimita 70. Ukienda kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde, kila tairi linapigwa mara 20 kila sekunde. Dashibodi inalia, shokapu zinachemka. Kanyaga hadi 80 na gari linatulia ghafla, kwa sababu tairi sasa linaruka kutoka mgongo hadi mgongo bila kushuka bondeni. Hapo dereva huona ameiweza barabara. Ukweli ni kwamba tairi haliikandamizi ardhi ipasavyo: ukibana breki gari linaendelea, ukikata kona linakwenda linakotaka lenyewe. Mbuzi akivuka, au bodaboda ikitokea na mgonjwa wa kupeleka Hospitali ya Mnero, huna cha kusimamia.

Mimi hupenda 40 na madirisha wazi. Mtetemo upo, lakini usukani unakuambia kitu. Kwenye mteremko ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, uiache injini ikuzuie. Breki iguswe kidogo kidogo, tena ukiwa umenyooka.

Majani makavu yana hila zake. Yakitanda njiani huficha visiki na mawe, na kwenye mteremko yanabingirika chini ya tairi. Mabaya zaidi ni nyasi ndefu za katikati ya njia. Mbegu zake huziba rejeta hadi injini inachemka, na makapi hujikusanya juu ya bomba la moshi ambalo ni la moto sana. Magari yamewahi kuteketea hivyo. Simama mara kwa mara, chungulia chini, zitoe kwa kijiti, na usiegeshe juu ya nyasi kavu.

 

Kwenye mchanga mzito wa mabonde, dawa ni kupunguza upepo wa tairi. Tairi la psi 32 likishushwa hadi karibu psi 20, alama yake ardhini inarefuka, uzito unatawanyika, na gari linapita juu badala ya kujichimbia. Usisimame katikati, wala usikate usukani kwa nguvu, maana tairi laini linaweza kuchomoka kwenye ringi. Ukitoka mchangani jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo: tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila mzunguko, linapata joto, na likikuta lami kwa kasi linaweza kupasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inatosha.