Nani Akae na Nani Katika Tangi la Samaki

Katika Mto Pangani kambare na perege huishi katika maji mamoja, wala hakuna anayestaajabu. Perege mchanga akifukuzwa ana matete ya kujificha, ana kina, ana mto mzima wa kukimbilia. Katika tangi la kioo la lita 100, lililowekwa sebuleni au katika chumba cha kusubiria wagonjwa, zimo pembe nne tu. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye tangi, awe Korogwe au Handeni, si samaki yupi anapendeza, bali yupi ataweza kukaa na mwenzake. Swali hilo lina upande wa kitabibu unaosahauliwa mara nyingi: samaki wasiopatana hujeruhiana, huugua na kufa, na kila anayekufa humlazimu mtu kutumbukiza mkono majini.

Kambare aondolewe katika hesabu mapema. Humeza chochote kinachoenea kinywani mwake, huwinda gizani wakati mwenye nyumba amelala, tena hukua kupita kipimo cha tangi lolote la kawaida. Mapezi yake ya kifuani yana miiba migumu ichomayo kiganja cha anayemshika. Jeraha la namna hiyo, likiingiwa na maji machafu, si la kupuuzwa, hasa kwa mwenye kisukari.

Perege ana haki ya uenyeji. Mmoja wa jamii hiyo, Oreochromis korogwe, alielezwa kisayansi mwaka 1955 na Rosemary Lowe, na jina lake ni la mji huu wenyewe. Jike huatamia mayai kinywani. Dume huchimba kiota mchangani na kukilinda kwa ukali. Madume mawili katika tangi dogo ni vita isiyo na suluhu. Anayempenda perege amfuge bwawani, au amtazame tanginimo akiwa mchanga tu kisha amhamishe.

Wapo pia samaki wadogo wa madimbwi ya msimu, jamii ya Nothobranchius, ambao wageni hununua kwa bei kubwa nchi za mbali na wenyeji wengi huwapita bila kuwatazama. Mayai yao husubiri ndani ya tope kiangazi chote. Mvua zikinyesha huanguliwa, na wiki chache baadaye samaki wamekwisha kukomaa, kwani dimbwi halitawangoja. Madume, wenye rangi za kung'aa, hugombana. Mpangilio unaofaa ni dume mmoja kwa majike wawili au watatu, katika tangi lao peke yao, mbali na samaki wepesi wanaowapokonya chakula. Maisha yao ni mafupi, na kifo chao baada ya miezi kadhaa si dalili ya ugonjwa.

Gapi, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ndiye mpole kuliko wote, ila dume humsumbua jike bila kikomo. Majike wawe wengi kuliko madume. Jike huweza kuzaa takriban kila mwezi, hata dume akiwa ameondolewa, kwa sababu huhifadhi mbegu mwilini. Samaki mpiganaji wa Thailand asiwekwe na dume mwenzake, wala na gapi wenye mikia mirefu. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi. Katika joto la bonde la Korogwe maji hushika oksijeni kidogo, naye ni mchafuzi mkubwa. Hafai kuchanganywa na samaki wa maji ya joto. Kobe wa maji asiingizwe kabisa katika nyumba yenye watoto wadogo, kwa kuwa hubeba vimelea vya salmonela.

Tabia njema haitoshi maji yakiwa sumu. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wema huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali. Bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kustawi katika tangi jipya. Kujaza samaki siku ya kwanza ni kuwaua kwa zamu. Waanze wachache, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yakae ndooni wazi siku nzima kabla ya kutumiwa.

Samaki waliojeruhiana wanapoanza kuota vidonda, wako watu ambao hufungua kapsuli za antibiotiki na kuzimimina tangini. Huo ni ufundi mbaya: huwaua bakteria wema, na huwafunza wabaya usugu wa dawa. Dawa ya ugomvi ni kutenganisha wagomvi.

Katika maji hayohayo huweza kuishi Mycobacterium marinum, ndugu wa kimelea cha kifua kikuu. Huingia kupitia mchubuko. Baada ya wiki kadhaa kinundu hutokea kidoleni, hakiumi sana, hakiponi, na vingine huweza kupanda mkononi kwa kufuata mishipa ya limfu. Hapa mhudumu wa afya anaweza kupotea njia: chini ya hadubini vimelea hivyo hufanana na vya kifua kikuu, na kipimo cha ngozi cha kifua kikuu huweza kutoa jibu chanya. Kuviotesha kunahitaji nyuzi 30 hadi 33. Katika nyuzi 37 huenda visiote. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kinundu sugu aulizwe: unafuga samaki? Naye mgonjwa aseme bila kungoja kuulizwa, kwani matibabu ni ya miezi na mara nyingi huhitaji dawa zaidi ya moja. Mwenye jeraha avae glavu zisizopitisha maji. Mwenye kinga iliyopungua amwachie mwingine usafi wa tangi.

Linabaki suala la samaki waliozidi. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na si ajabu mtu wa huko akiona ni wema kuwamwaga gapi wake lamboni wale viluwiluwi vya mbu. Ni kweli huwala. Lakini hawabadili haja ya chandarua, na mgeni akishaingia majini haondoki. Sato waliosambazwa kwa ajili ya ufugaji wamekwisha kuzaana na perege wa asili katika maji kadhaa ya Tanzania. Anayetaka kupanda samaki katika lambo la Handeni amwone kwanza ofisa uvuvi wa wilaya. Gapi waliozidi wapewe jirani mwenye tangi, na maji yaliyobadilishwa yamwagwe kwenye migomba, si mferejini.