Mtoto Aliyepasuliwa Moyo: Kwa Nini Kliniki Isiachwe

Mzazi wa Mikese anaporejea kutoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam, na mtoto aliyepasuliwa moyo, majirani humpongeza kwamba mtoto amepona. Mara nyingi ni kweli. Hata hivyo, upo upasuaji ambao matokeo yake hupimwa kwa miaka, kwa sababu mishipa iliyoshonwa utotoni hutakiwa kukua pamoja na mwili.

Mishipa ya koronari hulisha msuli wa moyo wenyewe. Kwa mtoto mchanga upana wake hukaribia milimita 1 tu. Baadhi ya watoto huzaliwa mishipa miwili mikuu ya moyo ikiwa imebadilishana nafasi, na damu yenye oksijeni kidogo hurudishwa mwilini. Upasuaji wa kurekebisha kasoro hiyo, uliofanikishwa kwanza na Adib Jatene nchini Brazili mwaka 1975, hulazimu kuhamisha pia mishipa ya koronari. Daktari huikata pamoja na kipande cha ukuta wa aota, jinsi mkulima wa Uluguru ahamishavyo mche na bonge lake la udongo, kisha huishona mahali papya.

Kinachoshonwa ni sehemu hai ya mwili wa mtoto, hivyo kwa walio wengi mishipa hukua vyema. Kwa wachache hujikunja, huvutika au husinyaa penye kovu. Hatari ni kubwa zaidi miezi ya mwanzo, lakini haiishii hapo. Kinachotatiza ni kwamba mishipa ya fahamu ya moyo hukatwa wakati wa upasuaji. Mtoto anaweza asihisi maumivu ya kifua hata damu inapopungua. Kutolalamika kwake, basi, si kipimo.

Mtoto aliyezibwa tundu pekee kwa kawaida hakuhamishiwa mishipa hii. Kovu la kifuani halionyeshi tofauti hiyo. Ripoti ya upasuaji huionyesha. Omba nakala kabla ya kuruhusiwa, nayo itaje jina la upasuaji, tarehe, na jinsi koronari zilivyokutwa. Muulize daktari pia ni vipimo vipi vinaweza kufanyika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na vipi vinahitaji safari ya Dar es Salaam. Nauli ni mzigo, na swali hilo halina aibu.

Jihadhari na wauzao dawa za maji za “kuzibua mishipa”. Kusinyaa kwa mtoto huyu hutokana na kovu au mkunjo, wala si mafuta, na hakuna dawa ya kunywa inayokunjua mshipa. Usiache dawa za hospitali ili kuzipisha hizo.

Mtoto akizimia akicheza, akitoka jasho jingi anaponyonya, au akichoka ghafla kuliko desturi yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na ripoti mkononi.